Jani si Mzizi: Juu ya Vikonyo vya Kahawa Vihamishwavyo Kabla ya Wakati

Pana desturi moja iliyoingia katika vitalu vya kahawa vya vijiji vyetu vya milimani, nayo yaelekea imekwisha kutia mizizi kuliko hiyo miche yenyewe. Mwenye kitalu hukata vikonyo vya kahawa, huvipanda katika mchanga, huvifunika kwa nailoni, na mara aonapo chipukizi limechomoza kwapani mwa jani la zamani, husema, "Tayari." Hapo huving'oa, huvitia katika viriba vya udongo, na baada ya majuma machache huviuza kando ya njia. Mnunuzi naye huona majani mabichi yanang'aa, hufurahi, hulipa, huenda zake. Wote wawili wameridhika. Walakini chini ya udongo hakuna kitu, au kuna kitu kidogo kisichostahili kuitwa mzizi.

Sisi twaipinga desturi hiyo, wala hatuipingi kwa kunong'ona. Twasema ya kwamba kuhamisha kikonyo kisichotia mizizi ya kutosha ni kuharibu mali, na kukiuza ni kumpunja mnunuzi, hata kama muuzaji hakukusudia kumpunja. Tena twasema ya kwamba mnunuzi achaguaye mche kwa kutazama majani tu ana sehemu yake katika hasara hiyo. Tutaeleza sababu zetu moja moja, na hoja za wanaotupinga tutazitaja kwa haki, ili msomaji apime mwenyewe.

Kwanza yafaa kukumbuka kwa nini tuna vikonyo hivi, maana babu zetu hawakuvijua. Kahawa ya arabika ilifika katika miteremko ya Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19, ikapandwa katika bustani za misheni ya Kilema. Wenyeji wakaipokea katika vihamba vyao, chini ya migomba. Mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wapanda kahawa, na mwaka 1933 kikafuata chama kikuu cha ushirika, yaani KNCU. Mwaka 1934 kituo cha utafiti wa kahawa kikaanzishwa Lyamungu. Katika miaka hiyo yote miche ilitokana na mbegu, wala hapakuwa na shida, kwa kuwa arabika kwa sehemu kubwa hujichavusha yenyewe, na mtoto hufanana na mzazi wake.

Kisha ukaja ugonjwa wa chulebuni. Ulionekana Kenya mwaka 1922, na katika miaka ya 1960 ukawa umeingia Tanzania. Ni ukungu uzishikao buni zingali changa. Huzitia madoa meusi, huzioza, nazo huanguka au hukauka juu ya mti. Ukiongeza na kutu ya majani, mwenye shamba dogo hujikuta akinunua dawa mwaka hata mwaka kwa fedha ambayo ingemlipia mtoto karo. Kwa ajili hiyo wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iitwayo TaCRI, ambayo makao yake yako Lyamungu, waliendelea kuchagua na kuchanganya mbegu, na tangu mwaka 2005 wakulima wamepewa aina za arabika zenye kustahimili chulebuni na kutu ya majani. Jirani zetu wa Kenya walitangulia kutoa aina yao, Ruiru 11, mwaka 1985, kwa sababu iyo hiyo.

Sasa, aina hizi za kuchanganywa ni chotara. Chotara ukipanda mbegu yake, watoto hawafanani: mmoja atashika kinga ya baba, mwingine ataikosa, mmoja atazaa sana, mwingine atakuwa kuni tu. Basi ili mkulima apate mti ule ule, hana budi kupewa mche uliobebeshwa, ama kipande cha mti wenyewe kilichooteshwa mizizi. Kipande hicho ndicho kikonyo. Kikonyo si mtoto wa mti. Ni mti ule ule uliopewa miguu mingine. Na miguu hiyo ndiyo habari yetu ya leo, kwa maana pasipo miguu hausimami.

Hapo ndipo lilipo jambo zito. Mche wa kikonyo ukifa shambani wakati wa kiangazi cha kwanza, mkulima hasemi, "Ulihamishwa mapema." Atajuaje? Hakuwapo kitaluni. Husema, "Aina hizi mpya hazifai; tulidanganywa." Kisha hurudi kwenye miti yake ya zamani, na chulebuni yake, na bomba lake la dawa, na jirani yake amsikiapo huacha kununua. Hivyo pupa ya mtu mmoja kitaluni yaweza kuharibu sifa ya kazi ya miaka mingi ya watu wengi. Hatusemi ya kwamba kila mche ufao umekufa kwa sababu hii. Ukame upo, mchwa wapo, mbuzi wapo. Twasema ya kwamba hii ni sababu ambayo sisi wenyewe twaweza kuiondoa pasipo kungoja msaada wa mtu ye yote.

Sasa tuzijibu hoja za watu.

Hoja ya kwanza ni hii: "Sisi ni watu wa kupanda vijiti tangu zamani. Muhogo twapanda kijiti, kiazi twapanda marando, muwa twapanda kipande, masale ya mpakani twachomeka tu ardhini, nayo yote huota. Kikonyo cha kahawa kina nini hata kitunzwe kama mtoto mchanga?"

Twajibu: kina tofauti kubwa. Kijiti cha muhogo ni kinene, nacho kimebeba chakula chake ndani, kama msafiri aliyefunga masurufu. Rando la kiazi lina mahali pa kutokea mizizi tayari katika kila fundo. Hata likitambaa juu ya nchi bila kupandwa hutia mizizi lenyewe. Muwa hali kadhalika una vidoto vya mizizi kuzunguka kila pingili. Hivyo mimea hii haikuomba elimu, nayo ikatufundisha kuwa wazembe. Kikonyo cha kahawa sivyo. Hukatwa katika otea lililosimama wima, pingili moja, kisha hupasuliwa katikati ili kila upande ubaki na jani lake moja, na jani hilo nalo hupunguzwa nusu lisipoteze maji mengi. (Tena asikate mtu katika matawi ya ubavuni, kikonyo cha tawi la ubavuni hakisimami wima kamwe, bali hutambaa kando kama tawi lilivyokuwa likifanya.) Kitu hiki chembamba hakina akiba ya kutosha, wala hakina mizizi iliyojificha ikingoja mvua. Jani lake moja ndilo jiko lake lote. Jani likinyauka, kikonyo kimekufa, hata kama kijiti chaonekana kibichi bado.

Ndiyo maana hufunikwa kwa nailoni chini ya kivuli, ili hewa inayolizunguka jani iwe na unyevu siku zote. Jani lisilo na mizizi lakunywa nini? Halina pa kunywea. Basi yatupasa tulizuie lisitoe jasho mpaka mizizi itakapokuja. Na mchanga wake huwa safi, usiotuamisha maji, kwa kuwa kidonda kilichokatwa huoza upesi pakiwa na maji yaliyosimama. Mtu akiyafahamu haya mawili, ya kwamba juu pawe na unyevu na chini pawe na hewa, amefahamu nusu ya kazi.

Hoja ya pili, nayo ndiyo ipendwayo kuliko zote: "Jani jipya limetoka, basi na mzizi umetoka. Lingetokaje jani kama hakuna mzizi?"

Ndugu msomaji, hoja hii inaonekana ina akili, kumbe haina. Twende jikoni tukaione. Kitunguu kilichosahauliwa kikapuni huchipua majani mabichi, nacho hakijagusa udongo. Boriti la mti mbichi lililokatwa kwa kujenga banda huchipua ukutani, kisha likakauka. Je, boriti lina mizizi? Kilichochipusha majani hayo ni akiba iliyobaki ndani, wala si chakula kipya. Kikonyo nacho kina akiba yake ndogo, na jicho lililo kwapani mwa jani likipata joto na unyevu laweza kufumbuka kabla ya mzizi hata mmoja kutokea. Wala hiyo si dalili njema sana. Maana chipukizi hilo lala akiba ile ile ambayo ingejenga mizizi. Mtu aionapo nyumba imepakwa chokaa asidhani ya kwamba msingi umekwisha kuchimbwa.

Yatokeayo chini huenda kwa taratibu yake. Kwanza mahali palipokatwa hufunga kovu, uvimbe mdogo mweupe kama punje za chumvi zilizoshikamana. Wengine wakiuona uvimbe huo hupiga kelele za furaha, nao wamekosea, kwa maana kovu si mzizi; lazuia kuoza tu, halinywi maji. Baada yake, hapo kandokando ya kovu au juu yake kidogo, hutokea vidoto, na vidoto huwa vijizi vyeupe, vinene, laini, vyenye kukatika kama tambi iliyoiva. Huo ni mzizi, walakini bado ni mzizi wa kwanza usio na vitawi. Ukiuhamisha hapo utaukata, na kikonyo kitarudi mwanzo, hali akiba yake imekwisha. Mwisho, vijizi hivyo hurefuka, hutoa vitawi vyembamba, na vitawi hivyo ndivyo vyenye kunywa maji na chumvi za udongo. Hapo ndipo kikonyo huwa mche. Kabla ya hapo ni kijiti chenye jani.

Hoja ya tatu: "Tumefundishwa siku zake. Siku sitini zikitimia twahamisha." Wengine husema siku 60, wengine 70, nao huandika tarehe juu ya kibao na kukitii kibao kuliko macho yao.

Hatuwakatazi watu kuandika tarehe. Ni desturi njema. Lakini tarehe ni ya kutukumbusha kutazama, siyo ya kutuamuru kung'oa. Vikonyo vya kahawa kwa kawaida hutaka miezi 3 au 4 katika boksi lake hata viwe na mizizi ifaayo, tena hivyo ni pale penye joto la kutosha. Hapa kwetu milimani mwezi wa Juni na Julai kuna baridi na ukungu. Mchanga hupoa, na mizizi huenda polepole. Kikonyo kilichokatwa katika otea laini mno huoza. Kilichokatwa katika lililokomaa sana hukawia. Kilichopoteza nusu ya jani lake kwa kunyauka hukawia zaidi. Hata ndani ya boksi moja, vilivyopandwa siku moja na mkono mmoja, vingine vitakuwa tayari na vingine bado. Mwalimu aliye na watoto 40 darasani ajua ya kwamba hawatajua kusoma wote siku moja, ingawa waliingia siku moja. Na ile dawa ya unga ya kuotesha mizizi, ambayo wengine huisifu kana kwamba inamaliza kazi yote, husaidia vikonyo vingi zaidi kutia mizizi, tena kwa upesi kidogo. Haimpi mtu ruhusa ya kutokutazama.

Basi atazame nini? Tueleze kwa utaratibu, maana si haki kukosoa pasipo kufundisha.

Asing'oe kikonyo kwa kukivuta shingo ili aone. Hilo ni kosa la watoto, wapandao mahindi asubuhi na kuyafukua jioni. Jani lisipodondoka baada ya majuma mengi, likabaki la kijani na kusimama imara, hiyo ni dalili ya uhai, si ya mizizi. Baada ya majuma 10 hivi na akiguse kikonyo kwa vidole viwili, akitikise taratibu sana, bila kuvuta. Kikicheza huku na huku kama jino bovu, akiache. Kikishika, kana kwamba kuna mtu chini amekikamata, kuna kitu. Hapo achague vikonyo vitatu au vine katika pembe mbalimbali za boksi, avichimbue kwa kijiti kutoka chini pamoja na mchanga wake, avisafishe katika kopo la maji, avitazame kwenye mwanga.

Atazame mambo manne. La kwanza, rangi: mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa yaliyochujuka, wa kahawia ulio laini na wenye harufu umeoza. La pili, idadi na mahali: mzizi mmoja tu upande mmoja hautoshi; mche wake utalala shambani upepo uvumapo. Afadhali mitatu au zaidi, iliyozunguka. La tatu, urefu: mizizi iwe imefika sentimita 3 hadi 5, au tuseme urefu wa kiungo kimoja na nusu cha kidole cha mtu mzima. La nne, nalo ni kubwa kuliko hayo yote, vitawi: kama mizizi mikubwa imeanza kutoa vijizi vyembamba pembeni, wakati umewadia. Kama haina, avirudishe vile vikonyo mahali pake, avimwagilie, afunike nailoni, angoje majuma mawili, atazame tena. Vikonyo vinne vilivyosumbuliwa si hasara. Mia nne vilivyouawa ndiyo hasara.

Hoja ya nne hutoka kwa watu wenye moyo mwema: "Basi tukivihamisha, tuvitie katika viriba vikubwa, vyenye udongo mwingi na samadi nyingi, ili vipate nafasi na chakula." Ni kama mtu ampaye mtoto aliyeachishwa ziwa jana sahani ya ugali wa mpagazi. Udongo mwingi hushika maji mengi. Mizizi michache haiwezi kuyanywa, na maji yasiyonywewa hufukuza hewa, na mizizi isiyo na hewa huoza. Samadi mbichi nayo huchoma. Kiriba cha kawaida cha kitalu chatosha, udongo wa juu wa msituni au shambani uliochekechwa, samadi iliyooza kabisa kwa kiasi, na mchanga wa kupitisha maji, na matundu chini. Kiriba kisicho na matundu ni kaburi.

Sasa twafika kwenye hoja ambayo hatutaki kuipita kwa haraka, kwa kuwa ina kweli ndani yake. Husema: "Ninyi mwahubiri kungoja tu. Je, hamjui ya kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako? Kikonyo kikikaa mno katika mchanga nacho huharibika."

Ni kweli, twakubali. Mchanga safi hauna chakula. Kikonyo kilichokwisha kutia mizizi kikiachwa humo miezi mingi, majani yake hugeuka manjano, kimo chake hudumaa, mizizi yake husukana na ya jirani yake, na siku ya kuhamishwa hukatika kwa kutenganishwa. Tena mizizi iliyozoea kupinda ndani ya boksi huendelea kupinda ndani ya kiriba, na mti hukua na mkia wa kuviringika chini, ambao hautashuka kutafuta maji wakati wa kiangazi. Basi kuchelewa ni kosa, nasi hatulitetei. Lakini tazama, msomaji: hoja hii haimsaidii mwenye pupa. Haisemi, "Hamisha mapema", yasema, "Hamisha kwa wakati." Na wakati hauwezi kujulikana isipokuwa kwa kutazama chini. Mwenye pupa na mwenye uvivu ni ndugu. Wote wawili wamekataa kutazama. Mmoja alihamisha bila kutazama, mwingine hakuhamisha kwa kuwa hakutazama.

Tena kuhamisha kwenyewe kuna namna yake, maana wengine hungoja vizuri kisha huharibu saa ya mwisho. Boksi limwagiliwe mapema. Kazi ifanywe jioni, au siku ya mawingu. Kikonyo kiinuliwe kutoka chini pamoja na mchanga ulioshikamana, kishikwe kwa jani au kwa kijiti, kisishikwe kwa mizizi. Shimo ndani ya kiriba liwe refu na pana kiasi cha mizizi kushuka wima, mizizi isikunjwe. Udongo ushindiliwe kwa maji, siyo kwa kidole gumba. Kisha, na hapa wengi huteleza, mche mpya urudishwe chini ya kivuli na nailoni kwa majuma kadhaa, na nailoni ifunuliwe kidogo kidogo: leo saa moja asubuhi, baada ya siku chache asubuhi yote, baadaye mchana, mpaka ulizoee jua na upepo. Aliyekaa ndani na homa mwezi mzima hatolewi siku moja akalime.

Wenye vitalu watatuambia, "Maneno yenu ni mazuri, lakini mvua haingoji. Masika ikianza, watu wataka miche. Tusipouza Machi, tutauza lini?" Hoja hii ni ya fedha, na fedha si kitu cha kudharau. Lakini twawauliza: je, masika ilianza kunyesha mwaka huu? Haikunyesha mwaka jana, na mwaka juzi? Mvua yajulikana. Basi hesabu irudi nyuma. Mche hutaka miezi 6 au zaidi ndani ya kiriba kabla ya kwenda shambani. Ili upandwe Machi, uingie kiribani si baada ya Septemba. Ili uingie kiribani Septemba, nawe una miezi ya baridi katikati, kikonyo kikatwe Aprili. Anayekata vikonyo Oktoba na kutaka kuuza Machi hakuzidiwa na mvua. Alizidiwa na kalenda yake mwenyewe, naye ataka mnunuzi alipe gharama ya usingizi wake.

Na hiyo gharama si ndogo. Tuseme mjane mmoja amenunua miche 100, na katika hiyo 40 haikuwa na mizizi. Amepoteza bei ya miche 40. Amepoteza mashimo 40 aliyoyachimba au kumlipa kijana ayachimbe. Amepoteza samadi ya mashimo 40. Hayo yote yaweza kuhesabiwa. Lakini kahawa hutoa mavuno ya kwanza mwaka wa tatu hivi baada ya kupandwa. Kwa hiyo amepoteza na mwaka mmoja mzima katika sehemu hiyo ya shamba, na mwaka hauuzwi dukani. Yule muuzaji, kwa kuingojea miche hiyo majuma sita zaidi, angepoteza nini? Maji ya kumwagilia, na subira kidogo. Mizani iko wazi.

Sasa kwa wanunuzi. Ninyi nanyi mmewazoeza wauzaji vibaya. Mwaja kitaluni, mwapita mche mfupi wenye majani manne yaliyokomaa, mwachagua ule mrefu wenye majani laini. Muuzaji aonaye hivyo hukuza majani. Tangu leo fanyeni hivi: inueni kiriba mtazame matundu ya chini, mche ulio tayari huonyesha ncha nyeupe za mizizi zikitafuta kutoka. Ushikeni mche kwa kijiti chake muutikise kidogo; ukicheza ndani ya udongo, waacheni. Tena, mkinunua miche mingi, mwombeni muuzaji afungue kiriba kimoja mkichagua ninyi, siyo yeye, nanyi mlipe bei ya mche huo hata kama umeharibika. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Atafurahi, kwa maana hiyo ndiyo sifa yake mbele ya watu. Akasirikaye kwa kuulizwa mizizi amekwisha kujibu.

Na penye chama cha wakulima au kikundi cha kitalu, twashauri jambo hili lisiachwe kwa kila mtu na dhamiri yake. Na iwekwe sheria ya kikundi: kikonyo kisiingie kiribani pasipo watu wawili kutazama mizizi ya vile vya kupimia, na mche usiuzwe kabla ya kufunuliwa nailoni na kukaa katika hewa ya kawaida majuma manne. Na iandikwe katika daftari tarehe ya kukata, tarehe ya kutazama, na yaliyoonekana. Daftari hilo katika miaka mitatu litawafundisha hali ya mlima wenu wenyewe kuliko makala yetu hii, maana Rombo si Hai, na Hai si Lushoto. Joto ni mbalimbali, na mizizi hufuata joto.

Tumesema mengi juu ya kijiti kifupi kuliko kidole. Tumefanya hivyo kwa kuwa kijiti hicho ni shamba la mtu la miaka 30. Jani litazamwe, lakini lisiaminiwe peke yake. Mwenye hoja ya kutupinga na ailete kwa kalamu, nasi tutaisoma. Ila kabla ya kuandika, na achimbue kwanza vikonyo vitatu katika boksi lake, avioshe, avitazame, kisha atuandikie alichokiona.